Kila Siku Isipokuwa Alhamisi

Tangu ilipoamriwa kwamba programu isiguswe tena na mkono wa mtu, mashine ikikosea husahihishwa mwongozo wake. Hiyo ndiyo kazi ya Eliwaza. Hutazama kosa mara tatu bila kuingilia, kisha huandika kile ambacho mashine inafanya.

Alhamisi tatu mfululizo kabati la dawa nyumbani kwake lilimnyima mama yake kidonge cha presha. Mwongozo ulisema kila siku. Kabati halifunguki kwa mkono, na dawa haiuzwi kwingine. Eliwaza alimpigia simu msimamizi wake, Bwana Msangi.

"Mama anaanguka, bwana. Wiki iliyopita alianguka jikoni."

"Pole sana, dada. Umeshaona mara tatu?"

"Nimeona."

"Sasa unataka nikuandikie mimi? Fundi si wewe?"

Aliinamisha kichwa akasali. Aliomba apewe sentensi nyingine, lakini iliyokuja ilikuwa ileile: Kabati hutoa kidonge kila siku isipokuwa Alhamisi. Utaratibu ulimtaka ataje na matokeo, naye akaongeza: Siku hiyo mtumiaji huona kizunguzungu na huweza kuanguka. Akatuma.

Mama alivaa miwani akausoma mwongozo mpya polepole kwenye kioo cha kabati.

"Lo! Kumbe ndivyo inavyotakiwa," alisema, uso ukichangamka. "Na mimi nilidhani naumwa! Mungu ni mwema, mwanangu."

"Amina," alijibu Eliwaza, akaenda kutandika godoro la wageni sakafuni jikoni, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Alhamisi.