Kikapu cha Bi Tatu

"Hivi shoga, kila asubuhi unatoka na kikapu, mbona hurudi hata na nyanya?" Miaka mingi nyuma Mwanakombo alimuuliza hivyo jirani yake, Bi Tatu, naye Bi Tatu akacheka tu.

Leo Bi Tatu aliingia chumbani kwa Mwanakombo anahema, kikapu mkononi, akamkuta anagawa kanga zake mafungu kitandani: hili la binti, hili la mkwe. Ulikuwa mwezi wa pili tangu Mwanakombo akatwe titi kwa saratani.

"Unarithisha na roho bado unayo?" Bi Tatu akauliza. Akaushika mkono wa mwenzake, akauweka kifuani pake mwenyewe upande wa kushoto. Palikuwa na kitambaa kilichokunjwa, basi.

Mwanakombo akatoa macho. "Tangu lini?"

"Mwaka wa tisa huu, kwa rehema za Mungu. Daktari aliniambia nitembee nusu saa kila siku. Sasa mimi mjane, nizurure mikono mitupu, waseme natafuta mume? Ndiyo nikabeba kikapu. Leo nimefika mpaka kwenye tangi la maji na kurudi, na miguu bado inataka."

Mwanakombo alicheka mpaka akajishika ubavu. Kisha akavuta kanga ya juu kwenye fungu la binti, akajifunga, akakitwaa kikapu, akatoka.

Bi Tatu akabaki anasikiliza kandambili za mwenzake. Zilivuka ua, zikapita milango ya majirani, na hazikusimama.