Kuta za Chumba cha Miche

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, mzee alikataa kuta zake zipakwe rangi nyeupe.

"Zibaki hivi hivi," alisema kutoka kwenye kigoda chake, akigonga fimbo sakafuni kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umelala pajani. Tangu alipopata kiharusi mwaka jana, haukushika hata kikombe.

Fundi rangi alijikuna kichwa. Alishapaka nyumba za watu wagumu wa kila aina, lakini mwotesha miche anayeng'ang'ania giza hakuwahi kumwona. Chumba kilikuwa stoo zamani, na kuta zake zilipakwa rangi nyeusi ya mafuta hadi darini. Dirisha lilikuwa moja tu. Mbele yake kulikuwa na meza mbili, na juu ya meza hizo trei kumi na mbili za mraba, za nyanya na pilipili, miche yote imesimama wima.

"Mzee wangu, ukuta mweusi unameza mwanga," fundi alisema, akipanga sampuli zake tatu mezani. "Hii ni foili ya jikoni, na sikushauri. Ikijikunja inakusanya mwanga mahali pamoja, inaunguza majani. Hii plastiki ya rangi ya fedha inarudisha mwanga kuliko zote, ila lazima ivutwe inyooke, na kila ukigeuka utajiona humo. Hii ya tatu ni rangi nyeupe isiyong'aa. Inatawanya mwanga pande zote, taratibu. Mche unakosa sababu ya kuinamia dirisha. Unasimama wenyewe."

"Yetu imesimama," mzee alisema. "Na anayeisimamisha namjua."

Binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliinamisha macho. Fundi aliutazama mtandio wa kijivu wa mama uliotundikwa msumarini, akaelewa nusu.

Mama alikuwa amefariki miezi mitano iliyopita. Enzi za uhai wake aliigeuza kila trei robo mzunguko, mara mbili kwa siku, alfajiri na mchana, ili miche isipinde kufuata dirisha. Ukingoni mwa kila trei alitia doa jekundu asipoteze hesabu. Wiki moja baada ya mazishi, mzee aliingia humu akakuta miche imenyooka kama kawaida. Alitoka analia na kutabasamu kwa pamoja. "Mama yako bado anakuja," alimwambia binti.

Binti hakuwa na ubavu wa kumsahihisha. Ni yeye aliyegeuza. Mzee akishalala baada ya chakula cha mchana, aliingia kwa kunyata, akaenda trei moja hadi nyingine, kwa mikono miwili, maana udongo uliolowa ni mzito. Alfajiri hakuthubutu. Saa hizo mzee huwa ameshaamka, amekaa ukumbini na redio yake, karibu kabisa na mlango wa chumba cha miche. Basi aligeuza mara moja tu kwa siku, na bado miche haikupinda. Alijiambia kwamba mama alikuwa anazidisha, jambo ambalo halikuwa geni kwake.

Lakini Jumamosi anahama. Kazi ameipata mji wa mbali, na hakuna namna ya kuikataa. Akiondoka, miche itapinda siku ya tatu, na mzee atafiwa mara ya pili, safari hii akiwa peke yake. Ndiyo maana alimwita fundi. Kuta nyeupe zingeweza kuendeleza uongo wake bila yeye.

Na kichwa nacho kilikuwa kimeanza kumchezea. Siku za karibuni aliyakuta madoa mekundu si pale alipodhani ameyaacha. Ni hii safari, alijiambia, imenivuruga akili. Jana akawa makini. Aliyaacha yote kumi na mawili yakitazama dirisha.

"Baba," alisema sasa, "mwache fundi apake. Kwa ajili yangu."

"Hapana."

"Kwa nini lakini?"

"Mtu hanyang'anywi kazi yake eti kwa sababu amekufa."

Fundi alikumbuka ghafla kwamba ameacha brashi nje, akatoka. Brashi zote zilikuwa mfukoni mwake.

Binti alipiga moyo konde. Alichuchumaa mbele ya kigoda, akaushika ule mkono wa kushoto.

"Baba, nisamehe. Si mama. Ni mimi ninayegeuza trei."

Alingoja mzee alie, au amfukuze. Mzee alimpapasa kichwani kwa mkono wake mzima.

"Najua, mwanangu. Tangu wiki ya kwanza. Unaburuza trei mpaka nyumba nzima inasikia, usingizi wenyewe utatoka wapi? Nilikaa kimya kwa sababu nilikusikia unavyolia humu, nikaona kazi hii inakuliwaza."

Binti alicheka huku machozi yakimtoka. Miezi mitano, watu wawili chini ya paa moja, wamefichana kitu kilekile. Alihisi mabega yake yamekuwa mepesi kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Sasa kama unajua," alisema, akijifuta uso, "hizi kuta nyeusi unazing'ang'ania za nini?"

"Wewe ni wa mchana," mzee alisema. "Miche ikisimama yenyewe, yule wa alfajiri atakuja kufanya nini?"

Binti aliinua macho mezani. Madoa yote kumi na mawili yalikuwa yamesogea robo mzunguko, yanatazama mlango.