Waya wa Kuanikia

Nilitengeneza antena kwa waya wa shaba, nikaufunga kutoka tangi la maji hadi mnazi wa jirani. Mama akaudhani kamba ya kuanikia. Alipoushika atundike leso, redio yangu ya mawasiliano iliyokoroma asubuhi nzima ikatoa sauti ya kaka yangu, baharia ambaye meli yake haikujulikana iliko.

"Suad, wanisikia? Maji yaingia."

Mama aliganda, leso ikimchuruzika mkononi. Alipolegeza vidole, sauti ilififia. Alipokaza, ikarudi.

Nikashika maikrofoni. "Mama, uachie! Nikibonyeza kitufe hiki nimjibu, umeme utapita kwenye waya ukuunguze."

"Nikiuachia atapotea."

Akauzungushia waya kiganjani, akafumba macho.

"Mjibu nduguyo."