Doa la Jeli

Ncha ya mpira wa mkojo iligusa paja la mzee kabla haijafika panapohusika. Mguso wenyewe ulikuwa mwepesi, lakini uliacha doa la jeli linalong'aa, na mpira ule haukuwa safi tena.

Mwalimu hakuona. Alikuwa amegeuka kuvuta pazia.

Tressa alibaki ameuinua mpira kwa glavu safi ambazo hazikutakiwa kugusa kitu kingine chochote. Mtihani huu huu alishaufeli darasani, kwenye sanamu. Akiufeli na leo, miaka miwili ya chuo imekwenda na maji, uuguzi asahau. Atarudi kuuza sigara kwenye kituo cha mafuta.

Mzee, mchimba makaa ya mawe mstaafu, alimkonyeza.

"Ingiza tu, mwanangu," alinong'ona. "Kibofu kinanipasuka."

"Utakuja kuugua, babu."

"Kwani hapa nimekuja kutembea? Ingiza! Kule shimoni tumeficha makubwa kuliko hayo."

Akavuta shuka kwa vidole viwili, akalifunika lile doa, kisha akatulia akiangalia dari kama mtoto aliyeiba sukari.

Mwalimu aligeuka, kalamu mkononi. "Mbona umesimama? Kuna tatizo?"

"Tatizo gani?" mzee akadakia. "Binti yuko vizuri kabisa. Mpe maksi zake."

Kalamu ikashuka kwenye karatasi.

Tressa akanyoosha mkono wenye glavu safi, akaifunua shuka, lile doa likang'aa mbele ya mwalimu.