Mwiko wa Msibani

Nabintu alitoka nchi ya mbali, mrusha tufe, akaupa mji huu medali tatu. Juma lile watu wakamchagua diwani. Msibani kwa mzee Mbwambo wakamkalisha mbele, kwenye kiti chekundu.

Akakaa, mikono mapajani. Miaka kumi na miwili, kila msiba alipewa kiti, maana mgeni hashiki mwiko. Kumbe hata kura hazijamfanya mtu wa hapa?

Mara akatokea Bi Eliwaza, mpishi wa misiba yote, jasho likimtiririka.

"We Nabintu! Ugali wa watu mia mbili unatushinda huko jikoni. Hiyo mikono tuliipigia kura ije ikae mapajani?"

"Bibi, mwache mheshimiwa," mtu akanong'ona.

"Wa kuheshimiwa ni Mungu. Huyu ni wetu. Inuka, mwanangu."

Nabintu akavua viatu, akajifunga kanga, akaupokea mwiko.

"Na ukiuacha na madonge tutakusema mpaka arobaini."

"Nisemeni tu, Bibi," akajibu, na moyo wake ukatua.

Kule turubaini kuku alipanda kiti chekundu, akajilaza, wala hakuna aliyemfukuza.