Hodi ya Tatu

Bi Kibibi alifungua bawaba ya mwisho, akauegemeza mlango wa mbele ukutani pamoja na ile mingine minne, akatia bisibisi mfukoni.

"Shoga," alisema Jumwa, jirani yake, ungo wa mchele mkononi, "nikahi ya mwanao ni kesho. Wenzako hupaka nyumba rangi. Wewe wang'oa milango?"

"Nataka mume wangu awepo kesho. Mlango ukiwepo, mtu atabisha."

"Na wageni?"

"Waingie tu."

"Bila hodi?"

"Bila hodi. Wewe si umeshaingia? Umekufa?"

Haikuwa rahisi. Siku nzima wageni kutoka Msambweni na Bodo walifika kizingitini wakasimama, masufuria vichwani, midomo wazi, kama watu waliosahau majina yao. Bi Kibibi aliwavuta ndani mmoja mmoja.

Mumewe, Athmani, alikuwa amerudi Jumatatu. Pikipiki yake kubwa ya buluu ilisimama mbele ya nyumba na vumbi la Malawi bado limeganda kwenye magurudumu. Miaka kumi na tisa alikuwa akizunguka nayo: Mbeya, Lilongwe, Windhoek. Alimtumia binti yake Nadhira picha za milima na mito, na watu wakamwita Mtalii. Bi Kibibi peke yake ndiye aliyejua kwa nini mumewe alipenda pikipiki. Haina mlango.

Zamani Athmani alikuwa baharia wa nyambizi katika jeshi la ng'ambo. Walikuwa Waswahili wawili tu kule chini ya maji, yeye na Mpemba mmoja aliyeitwa Iddi. Siku nyambizi ilipopasuka na maji kuingia, Iddi alikuwa chumba cha mitambo. Athmani alishika gurudumu la mlango wa chuma uliokuwa kati yao, akalizungusha kuufunga mpaka likakataa kwenda. Iddi akagonga kwa spana upande wa pili. Mara tatu. Kisha kimya.

Waliokuwa mbele waliokolewa. Athmani alitoka hospitali kabla majina ya waliopona hayajasomwa. Alisema hakuwa na haja ya kuyasikia. Barua zote zilizomfuata kutoka huko alizichoma bila kuzifungua.

Halafu hodi zikaanza. Ya kwanza ilikuwa papa hapa nyumbani, mchana, Bi Kibibi akiwa kazini hotelini Galu. Aliporudi alimkuta mumewe amejikunyata nyuma ya kabati. Wiki hiyohiyo akanunua pikipiki. Lakini kila alikokaa siku nyingi, zilimfikia. Mlango unagongwa, kimya. Unagongwa tena, kimya. Mara ya tatu, kisha nyayo zinaondoka polepole, moja ikiburuta.

"Habishi ya nne," Athmani alikuwa akisema. "Siku zote ni tatu tu, kama siku ile."

Daktari alimpa vidonge. Shehe alimsomea. Yeye aliamini petroli.

Safari hii aliahidi kukaa mpaka amwozeshe Nadhira kwa mkono wake mwenyewe.

Ijumaa asubuhi alivaa kanzu mpya, akaketi sebuleni. Nadhira alimsimamia mbele, mikono imejaa hina.

"Baba, ukiniacha leo, usirudi tena. Nakwambia mapema."

"Nipo, mwanangu. Hata kofia ya pikipiki, kuku ameshaitagia."

Nadhira alicheka. Ndipo chuma kilipogongwa huko nje. Ngo.

Athmani alisimama.

"Kibibi. Umesikia?"

Miaka kumi na tisa Bi Kibibi alikuwa akijua kwamba hodi zile zimo kichwani mwa mumewe.

"Nimesikia," alisema.

Ngo.

Athmani alichukua ufunguo wa pikipiki msumarini, akarudi nyuma ya pazia la jikoni. "Niwie radhi, mwanangu. Akishaondoka tu, na mimi naondoka."

"Baba!"

Ngo.

Kisha zikasikika nyayo kwenye kokoto. Zilikuwa zinakwenda zao, polepole, moja ikiburuta. Nadhira alikuwa akilia bila sauti, viganja juu asije akaharibu hina. Bi Kibibi alimtazama, akalitazama pazia, akazisikiliza zile nyayo zikizidi kwenda mbali.

"Mzuka gani huu wenye adabu?" alisema. Akajaza kifua. "Karibu!"

Nyayo zikasita. Zikageuka.

Mzee mmoja alitokea kizingitini, kofia ya kushona kwa mkono kichwani, mguu mmoja mkavu kama kuni. Hakuingia.

"Assalamu alaikum. Mniwie radhi, sikuona mlango, nikabisha kwenye tangi la pikipiki."

"Waalaikumu salaam. Nani mwenzetu?"

"Iddi, wa Pemba. Mimi niliokolewa kwa tundu la nyuma. Mwenye nyumba nimembishia nchi tano. Barua zangu hajibu, na neno lenyewe si la kumpa mjumbe. Nami nimefunzwa kwamba hodi ni tatu. Usipoitikiwa, hutakiwi, urudi." Macho yake yalitua kwenye pazia lililokuwa likitetemeka. Akapaza sauti. "Athmani! Mlango ule niliufunga mimi, kwa ndani, kabla hujaugusa. Nilikuwa nagonga kukwambia nenda zako."

Nyuma ya pazia, ufunguo ulianguka sakafuni.