Chupa Nyuma ya Makopo ya Rangi

Armand Thibault alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope la jimbo la Vermont, Marekani, akiziba nyufa za ukuta wa nyumba yake kwa gundi, na kwa mara ya kwanza tangu aoe hakuna aliyemtuma.

Theluji ilikuwa inayeyuka, na theluji ikiyeyuka sisimizi huamka. Miaka yote aliwaacha wajitembelee hadi mezani. Mwaka huu alihamisha rundo la kuni mbali na ukuta, akafagia majani yaliyooza barazani, akabadilisha nyavu za madirisha, akapigilia kipande cha mpira chini ya mlango.

Yote hayo kwa ajili ya chupa moja. Ilikuwa stoo ya chini, nyuma ya makopo ya rangi, imejaa shira aliyoichemsha mwenyewe kutokana na utomvu mtamu wa mti wa mepo. Daktari alikuwa amewapigia marufuku sukari, yeye na mkewe Odile. Odile akaapa kwamba siku akimfuma mumewe akilamba, ufunguo wa kibanda cha kuchemshia utakwenda kwa kaka yake Réjean, mtu anayeunguza shira kila mwaka na kudai ndiyo ladha. Sisimizi wangeipata ile chupa, Odile angewafuata tu.

"Umepatwa na nini, mzee?" Odile aliuliza akiwa mlangoni. "Nyumba haina hata punje ya sukari. Hao wadudu watafuata nini, soksi zako?"

"Nataka usafi tu, mke wangu."

"Wewe? Usafi?"

Alicheka, lakini akachukua gundi naye, akaziba dirisha la stoo kwa bidii iliyomshangaza Armand.

"Na ukishuka huko, usiguse kikapu changu cha sufu. Utanivurugia mishono."

Mchana walikula chapati za maji kwa shira bandia ya dukani, isiyo na sukari, ambayo daktari aliisifu sana. Armand alisukuma sahani.

"Takataka hii hata sisimizi hawaigusi."

"Utaizoea tu," Odile alisema, kwa upole usio wake.

Jumapili, Odile alipokwenda kuimba kanisani, Armand alishuka stoo, akafungua chupa, akapiga mafunda mawili na kufumba macho kwa raha. Shira ya kweli ni shira ya kweli, alijiambia. Ulimi wake haudanganyiki.

Alipofumbua macho, aliona mstari mweusi ukitoka kwenye ufa aliousahau. Akilini alikwisha kumwona Réjean na ufunguo mkononi.

Sisimizi walipanda rafu, wakaifikia chupa iliyotapakaa shira mdomoni, wakaipita kando bila hata kuigusa. Walipita makopo ya rangi, wakazama mmoja mmoja ndani ya kikapu cha sufu cha Odile.